Kuandaa Land Cruiser kuukuu kwa kazi ya kukamata nyati pori: mwongozo kamili

Fundi wa Arusha au Isiolo akiliona gari hili kwa mara ya kwanza atauliza limepata ajali wapi. Halina paa, halina milango, kioo cha mbele hakipo. Mbele limefungwa matairi makuukuu kama boti ya bandarini, na bodi imebonyea kila upande. Kumbe ndivyo linavyotakiwa liwe. Ni gari la kukamatia mafahali huko Northern Territory, kaskazini mwa Australia, na wenyewe huliita bull catcher. Ukifuta vumbi, mara nyingi chini ya mabomba ya chuma yanayolizunguka utakuta Toyota Land Cruiser ileile ambayo huku kwetu ilibeba mapadri, madaktari na mabwana shamba kwa miaka mingi.

Nimeandika kwa ajili ya fundi anayeijua Land Cruiser na anataka kuelewa wenzake wa kule wanaifanyia nini, pia kwa kijana aliyepata kibarua kwenye ranchi za kule na hajui atapandishwa chuma cha namna gani. Msimamo wangu nautaja mapema: gari hili hujengwa kwa kuondoa vitu, na kila kinachobaki kiwe kinatengenezeka porini kwa spana, nyundo na waya. Anayeanza na orodha ya kununua vifaa ameshapotea njia.

Kwanza ijue kazi yenyewe

Nyati wanaozungumzwa hapa si mbogo wetu. Ni nyati maji wa Asia, mnyama wa kufugwa, mwenye pembe pana zilizolala kuelekea mgongoni. Waingereza walianza kumpeleka kaskazini mwa Australia miaka ya 1820, kwenye vituo vyao vya kijeshi: kwanza kisiwa cha Melville, baadaye rasi ya Cobourg. Kituo cha Port Essington, kwenye rasi hiyo, kilipotelekezwa mwaka 1849, mifugo iliachwa ijitafutie, na kwenye mabwawa na mbuga za mafuriko za kule ikazaana ikawa ya porini kabisa. Fahali mkubwa hufikia tani moja. Idadi yao ilipunguzwa sana na kampeni ya kutokomeza brusela (ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba) na kifua kikuu cha ng'ombe iliyoanza mwaka 1970. Ilipofika 1997 Australia ikatangazwa kuwa haina tena kifua kikuu hicho. Waliobaki, hasa Arnhem Land ambayo ni ardhi ya Waaborijini, bado hukusanywa, na wengine husafirishwa kwa meli wakiwa hai hadi Indonesia na nchi jirani.

Kazi hufanyika kiangazi, takriban Mei hadi Oktoba, ardhi ikiwa imekauka. Helikopta ndogo, mara nyingi Robinson R22 ya viti viwili, huwatoa wanyama vichakani na kuwasukuma kuelekea zizi la kuhamishika. Zizi hilo lina mbawa mbili ndefu za vitambaa vya gunia zinazowaongoza hadi mlangoni. Mambo yakienda vizuri, kundi zima huingia bila gari kumgusa mnyama hata mmoja. Gari la kukamatia linawekwa kwa ajili ya wale wachache: fahali mkaidi anayegeuka mlangoni, au mzee anayeishi peke yake na hataki kundi. Kwa hiyo usijenge gari la mbio. Jenga gari linaloondoka haraka, linalokata kona na kusimama pale unapotaka.

Neno la sheria, kabla hujachukua mashine ya kuchomelea. Huku kwetu kazi hii haifanywi na mtu binafsi. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na Kenya ina yake ya 2013. Kumfukuza mnyamapori kwa gari bila kibali ni kosa la kukupeleka jela. Zamani mambo yalikuwa mengine. Miaka ya 1950 na 1960 wakamataji wa Tanganyika na Kenya waliwafuata twiga, pundamilia na hata vifaru kwa malori na jipu, mtu akiwa ameketi ubavuni ameshika mti mrefu wenye kitanzi cha kamba. Siku hizi mnyama akihamishwa mara nyingi hupigwa sindano ya usingizi na daktari wa wanyama, na gari la ardhini hufuata nyuma kubeba watu, kamba na maji. Hata hivyo, mengi ya hapa chini kuhusu chesisi, rejeta na matairi yatalifaa gari hilo pia.

Hatua ya 1: Chagua gari

Mfululizo wa 40 wa Land Cruiser ulitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984. Fupi yake, FJ40, inakata kona vizuri kuliko zote, na kioo chake cha mbele kinalala kwenye boneti hata kabla hujaamua kukiondoa. Pikapu ya FJ45, na HJ47 ya dizeli, ni ndefu zaidi lakini zina nafasi ya kubeba vifaa. Kuanzia 1984 ikaja 75. Ya dizeli ilikuja na injini ya 2H ya silinda sita, na mwaka 1990 ikapewa 1HZ ya lita 4.2, ile tunayoipenda wote.

Petroli inaamka haraka, na fahali hakusubiri. Lakini petroli kwenye nyasi kavu za kiangazi ni hatari, na kabureta haipendi kurushwarushwa. Mimi ningechukua 75 yenye 2H. Ni nzito kuamka, nakubali. Ila taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukatika, na haina waya wa maana zaidi ya stata, alteneta, plagi za kupashia joto na ule wa kuzimia. Ukipata 1HZ sawa, mradi ubadilishe mkanda wa taimingi siku unapoinunua, hata kama muuzaji anaapa kwamba ulibadilishwa mwezi uliopita.

Land Rover za zamani zinafanya kazi hii na bodi yake ya aluminiamu haishiki kutu, lakini shafti za ekseli ya nyuma ni laini mno kwa mtu anayekanyaga klachi kwa hasira. Magari mapya yenye kompyuta yaache yabebe watalii.

Hatua ya 2: Kagua chesisi kabla ya kutoa hela

Bodi mbovu isikutishe, maana utaikata. Chesisi ndiyo gari. Lioshe chini kwa maji ya presha, kisha sugua kwa brashi ya waya sehemu tatu: pale sanduku la usukani linapofungwa, pale vibanio vya springi vilipo, na nyuma ya kabini ambapo pikapu hujipinda ikizidishiwa mzigo.

Baada ya hapo chukua mafuta ya taa na chaki nyeupe. Pakaa mafuta ya taa mahali unapopatilia shaka, subiri robo saa yapenye, futa kwa kitambaa hadi pakauke kabisa, halafu sugua unga wa chaki juu yake. Gonga chesisi kwa nyundo mara mbili tatu. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari mweusi, mwembamba kama unywele, juu ya chaki. Mara nyingi huanzia kwenye tundu la bolti au pembeni mwa welding ya zamani.

Ufa mdogo unatibika. Toboa tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee, chimba mfereji kwa grainda, jaza kwa welding, kisha bandika bati nene juu yake. Ncha za bati zikatwe kwa mshazari. Usiache mstari wa welding ulionyooka kukatiza chesisi juu hadi chini, kwa sababu ndipo itakapokatikia tena. Kama nyufa ni nyingi au kutu imekula ndani, muachie mwenye gari lake.

Hatua ya 3: Ondoa

Paa, milango, vioo vyote, kapeti, redio ya muziki, viti vya nyuma, taa zilizochomoza, vioo vya pembeni. Madirisha yanapasukia watu usoni, na mlango ukibonyea humfungia dereva ndani. Kata ncha za madigadi ya mbele hadi tairi lionekane lote, kwa sababu digadi likikunjwa na fahali litalichana tairi papo hapo. Kingo zote ulizokata zikunjwe au zivalishwe mpira uliopasuliwa. Gari likiisha kuvuliwa hivi haliruhusiwi tena barabara kuu. Husafirishwa juu ya lori hadi kambini.

Hatua ya 4: Kizimba cha mabomba

Tumia bomba la chuma la inchi mbili lenye ukuta wa milimita 3 au zaidi. Bomba la maji lenye zinki usilitumie: ni laini, na moshi wa zinki wakati wa kuchomelea unakuumiza. Miguu ya kizimba ishuke hadi kwenye chesisi, isiishie kwenye bati la sakafu. Weka nguzo mbili mbele, mbili nyuma ya viti, na mshazari mmoja nyuma ya kichwa cha dereva. Ubavuni pitisha bomba moja usawa wa kiuno na jingine usawa wa goti, kwa sababu fahali akigeuka hupiga pembe mlangoni. Mkanda wa kiti uwe wa mabega yote mawili, ufungwe kwenye kizimba. Dereva avae kofia ngumu. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 5: Uso wa gari

Hapa ndipo mafundi wageni hukosea, kwa kufikiri kwamba bampa linatakiwa kuwa silaha. Bampa ni mto wa kumlaza mnyama, si nyundo.

Jenga fremu inayoanzia ncha za chesisi na kuzunguka mbele yote hadi nyuma ya magurudumu ya mbele. Urefu wake upimwe kwa mnyama: sehemu inayomgusa iwe usawa wa bega na paja, juu ya miguu. Bampa la chini huvunja miguu, na nyati aliyevunjika mguu ni hasara kwa mwenye mali na mateso kwa mnyama. Kisha laza matairi makuukuu kwenye pembe zote mbili za mbele na ubavuni, uyafunge kwa bolti ndefu zenye washa pana, vichwa vya bolti vikiwa vimezama ndani ya mpira. Pitisha kiganja juu ya kila tairi ukimaliza. Chuma kikikukwaruza wewe, kitamchana na yeye.

Sehemu ya chini ya fremu ilalie nyuma, ili miti midogo iiname na kupita chini ya gari badala ya kusimama mbele ya rejeta.

Zamani gari lilikuwa hivyo tu. Dereva alimsukuma fahali akaanguka, msaidizi akaruka na mkanda aliouvaa kiunoni, akamfunga miguu ya nyuma. Watu wengi waliumia hivyo. Siku hizi magari mengi yana mkono wa chuma uliopinda, umefungwa kwa bawaba pembeni mwa bampa. Dereva akimfikia mnyama ubavu kwa ubavu huuachia, nao hujifunga shingoni na kumshikilia dhidi ya matairi akiwa bado amesimama. Mingine hufanya kazi kwa springi na kamba, mingine kwa haidroliki.

Uwe wa namna gani, mkono huo lazima uwe na mambo matatu. Uvalishwe mpira mahali pote panapogusa shingo. Uwe na kituo cha chuma kinachouzuia kubana kupita kiasi, ili ushike shingo bila kukaba koo. Na uwe na wenzo wa dharura karibu na mkono wa dereva, unaoufungua hata kama injini imezima na haidroliki imekufa. Huo wenzo wa dharura ujaribu gari likiwa limesimama, injini imezimwa, na mtu mzima ananing'inia kwenye mkono. Ukigoma hapo, utagoma porini.

Hatua ya 6: Tumbo la gari na miguu yake

Nyasi za kule kiangazi humzidi mtu kimo, na ndani yake kuna vichuguu vigumu, magogo na mashimo ambayo nyati waligaagaa masika yakakauka. Huvioni hadi umevifikia. Bati la milimita 5 au 6 lifunike kuanzia bampa hadi nyuma ya transfa, likilinda sampu (bakuli la oili chini ya injini), tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele) na giaboksi. Lifunge kwa bolti, usilichomelee, kwa sababu utalishusha kila mara. Toboa matundu makubwa ya kutolea nyasi.

Tairodi iongezewe nguvu kwa kuichomelea chuma cha pembe kwa urefu wake. Bomba za breki zihamishiwe juu ya ekseli na mipira yake ivalishwe springi ya waya. Kwenye springi za mbele ongeza jani moja. Wanaoongeza matatu hupata gari linaloruka na kupoteza usukani.

Matairi: 7.50-16 ya nyuzi, yenye tyubu na ubavu mgumu, yanastahimili visiki kuliko matairi laini ya kisasa. Ukitumia rimu za ringi, zile ambazo tairi hushikiliwa na ringi ya chuma inayotoka, kumbuka ile ringi ikiruka wakati wa kujaza upepo inaua mtu. Zungushia mnyororo kwenye rimu, tumia mpira mrefu wa upepo, na usimame pembeni.

Hatua ya 7: Joto na moto

Gari likifia porini kule, angalia rejeta kwanza. Mbegu za nyasi hujaa katikati ya mapezi kwa asubuhi moja tu. Weka wavu laini mbele ya rejeta, uwe wa kuchomoa kwa mkono bila spana. Ukisafisha kwa upepo, piga kutoka upande wa injini kwenda nje. Ukipiga kutoka mbele unazisukuma mbegu ndani zaidi. Mfuniko unaozunguka feni usiutupe hata kama unakukera wakati wa kubadilisha mkanda, kwa sababu gari hili huenda polepole likiwa na injini inayonguruma, na upepo wote linaupata kwa feni.

Ekzosi iondoe chini. Ipandishe nyuma ya kabini hadi juu ya kizimba na mdomo wake uwe na wavu wa kuzuia cheche. Nyasi zikijikusanya kati ya bati la chini na bomba la moto huanza kufuka kimyakimya, na wewe uko bize na fahali. Tangi la mafuta lihamishie juu, nyuma ya viti, ndani ya kizimba, lifungwe kwa mikanda miwili ya chuma yenye mpira. Tangi dogo linatosha kwa sababu hutoki mbali na kambi. Betri iwe na swichi ya kuzima umeme wote, iliyo mahali mtu wa nje anaweza kuifikia. Mitungi ya kuzimia moto iwe miwili.

Bomba la kuvutia hewa lipande hadi usawa wa kichwa cha dereva, lipite ndani ya kizimba.

Hatua ya 8: Vifaa vya kubeba

Redio koli ya kuongea na rubani na lori la kupakia. Jeki ndefu ya kunyanyulia. Tairi za akiba mbili, pampu, viraka. Tairodi ya akiba, mkanda wa feni, mipira ya rejeta, yuboti (bolti za umbo la U) za springi, lita 20 za maji ya gari na nyingine 20 za watu. Mikanda mipana ya kufungia miguu, kwa sababu kamba nyembamba hukata ngozi na kuzuia damu. Kisu chenye makali kwenye ala iliyofungwa kwenye kizimba. Boksi la huduma ya kwanza lenye bandeji za kuzuia damu nyingi.

Hatua ya 9: Kuendesha na kukamata

Kabla ya alfajiri zungukia eneo zima ukijua vichuguu na makorongo viko wapi. Funga friwili za mbele (vile vifungio vya katikati ya magurudumu), weka gari kwenye fowili, na ukae na gia ya pili au ya tatu. Shika usukani vidole gumba vikiwa nje, kwa sababu tairi likigonga gogo usukani hujizungusha wenyewe na kuvunja kidole.

Msubiri mnyama atoke uwazini. Ukimfuata kwenye miti ya mikadi na vichaka, ni yeye anayekuchagulia mahali pa kupigania. Akitoka, mfuate kwa nyuma pembeni, usikae nyuma yake moja kwa moja, hadi uwe sambamba naye na mwendo wenu ulingane. Mguse kwa tairi la pembeni begani, umwegemee kidogokidogo. Anapopunguza mwendo nawe punguza, kisha uachie mkono. Usimgonge kwa mbele. Akisimama na kukugeukia, simama na wewe. Rudi nyuma, mpe nafasi, subiri. Mara nyingi ataondoka tena na utaanza upya.

Ujipe dakika chache tu za kumfukuza, kisha umwache aende. Nyati ana ngozi nyeusi na tezi chache za jasho, ndiyo maana hushinda kwenye tope. Akikimbizwa sana juani misuli huanza kuharibika, na anaweza kufa saa nyingi baadaye akiwa zizini, wakati kila mtu anadhani kazi imeisha salama. Kwa sababu hiyo watu wenye akili hukamata asubuhi na kuacha jua likipanda. Jike mwenye ndama aachwe.

Akishashikwa, hakuna anayeshuka hadi gari la pili limefika upande wa pili. Funga miguu ya nyuma, mlaze kifuani, miguu ikiwa chini yake. Akilala ubavu kwa muda mrefu gesi hujaa tumboni na kumbana pumzi. Mwagie maji, mfunike macho kwa gunia, na uite lori papo hapo. Mnyama aliyefungwa haachwi juani ili mkamfuate mwingine.

Hatua ya 10: Kila jioni

Shusha bati la chini utoe nyasi zote. Puliza rejeta. Shika kila gurudumu juu na chini ulitikise kusikia beringi, kisha kaza yuboti za springi na bolti za sanduku la usukani, ambazo hulegea kila siku. Piga grisi kila chuchu hadi grisi chafu itoke na safi ionekane. Pitisha mkono kwenye matairi ya bampa kutafuta chuma kilichochomoza. Vuta wenzo wa dharura uone kama mkono unafunguka. Halafu zima umeme kwenye swichi kuu, uliegeshe gari kwenye udongo mtupu, mbali na nyasi, na mtu mmoja abaki nalo hadi ekzosi ipoe.